Nguzo za Gatwekera

Kageha uko? Bro Wangila ametoka kunieleza kitu na bado siamini.

Si unajua zile nguzo za goli za timu yetu ya raga, zile bro alichomelea mwenyewe? Asubuhi beste yake Oyoo alimshow zinapelekwa kupigwa rangi. Wakazifunga kwa mkokoteni, bro akasukuma.

Akasukuma kutoka hapa Gatwekera mpaka Kawangware, mtaa mwingine kabisa. Kawangware, Kageha.

Njia yote wanabishana mchezo gani ndio mgumu. Na unajua Oyoo ni mtu wa ndondi, humtoi hapo. Leo eti, "Sawa, nimekubali, raga ndio ngumu. Wewe sukuma." Wangila alifurahi hadi akaongeza mwendo.

Kufika, wanapata uwanja mpya na mashimo yashachimbwa. Timu imehama. Wachezaji wote walikuwa wanajua, mafans wanajua, yeye pekee ndio hakuambiwa.

Akamuuliza Oyoo mbona ukaninyamazia. Oyoo bila aibu: "Ungekataa kusukuma."

Ungekataa kusukuma. Beste yake.

Saa hii amekaa kwa kitanda na viatu. Ameniuliza kitu moja tu: "Kwani hata hiyo ya raga alikuwa ananidanganya?"