Vigoda vya Ghalani

Itigi, 12 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamekupunguzia kelele. Sisi huku hatujambo. Selina mkwe wako anakusalimu, anasema mafuta ya alizeti uliyotuletea Pasaka yameisha na hataki kusikia habari ya mafuta ya dukani.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Nikipiga unapaza sauti, "Eeh? Nani? Nani?" mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna msiba gani, kisha unakata. Basi tubaki na kalamu, angalau karatasi huibishii.

Mama, sijasahau tulivyokubaliana Pasaka mbele ya Mama mdogo Evodia. Narudia ili isije ikaonekana niliota. Mwaka jana ulikaa miezi mitatu bila dawa za presha kwa kukosa usafiri, ukaanguka kisimani, akakuokota Mzee Ezekieli. Ukasema mwenyewe kwa mdomo wako: maadamu gari la Laurian linaingia Ghalani kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kuwapeleka wazee kliniki Singida na kuwarudisha kesho yake, utabaki nyumbani kwako. Siku likikatika, unahamia Itigi kwetu. Chumba kipo, Selina ameshakipaka rangi.

Mimi nipo kazini relini, lakini akili haitulii. Nikishika nyundo nawaza kisima. Niandikie unaendeleaje, na usinifiche.

Mwanao,
Nathan

*

Ghalani, Mgori, 3 Juni 2024

Mwanangu Nathan,

Marahaba baba. Mimi mzima, magoti yana kelele zake zilezile lakini tumezoeana. Mwambie Selina mafuta yapo, na hiyo rangi ya chumba awapake kuku wake.

Leo ni Jumatatu, kesho ndiyo kliniki. Mchana tumeshapanga vigoda. Wewe uliondoka kabla utaratibu huu haujaanza, ngoja nikueleze ucheke. Laurian hawezi kuiacha barabara kubwa akala vumbi kilomita tisa mpaka huku kwa ajili ya watu wawili. Anataka wasiopungua kumi. Basi Jumatatu kila anayesafiri anapeleka kigoda chake kwenye ukuta wa ghala la zamani, vinakaa mstari. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Paschal, anahesabu, anapanda mlimani kwenye mtandao wa uhakika, anampigia Laurian. Ukiona mstari ule utasema kuna sherehe.

Mwezi uliopita Laurian alikuja amenuna. Aliambiwa kumi na nne, akatukuta sita. Alisimama mlangoni akauliza, "Hivi nimefuata watu au nimefuata mbao?" Tulicheka, yeye hakucheka. Aprili nayo ilikuwa hivyohivyo. Ni tabia yetu tu, mtu akiwa mgonjwa jirani anampelekea kigoda chake asionekane ametengwa. Na kijana wa fulani aliyeko Dodoma, mama yake naye anampelekea.

Mimi mwenyewe napeleka viwili. Changu na cha baba yako. Siwezi kukiacha kile kigoda nyumbani peke yake siku nzima, kimeshakaa peke yake vya kutosha tangu tumzike. Nakiweka pembeni ya changu, basi. Hakimsumbui mtu.

Dawa namezea uji asubuhi. Usiniwazie sana, utajigonga vidole kwa hiyo nyundo.

Mama yako

*

Itigi, 23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Sisi wazima, ila nimepata mafua ya vumbi.

Barua yako niliisoma kazini, wenzangu wakacheka hadithi ya vigoda. Mimi nilicheka mwanzo, kisha nikaacha. Mama, huyo Laurian hawezi kuvumilia mchezo huo mwaka mzima. Gari lake linakula mafuta likija na likirudi. Tarehe nne Juni alikuta wangapi? Hukuniambia, kwa sababu uliandika siku moja kabla. Niambie sasa. Na uniambie umebakiwa na vidonge vingapi.

Nimeomba likizo, nimeambiwa nisubiri. Jioni nikitoka kazini siketi. Natembea kutoka stesheni mpaka sokoni, narudi tena, Selina anauliza nimepoteza nini.

Nijibu haraka.

Mwanao,
Nathan

*

Ghalani, 3 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Pole kwa mafua, kunywa maji ya moto na asali, huko Itigi asali mnayo tele.

Jana tulikwenda kliniki vizuri. Laurian alikuja. Gari lilijaa. Dawa nimepewa.

Sina habari nyingine. Wasalimu wote.

Mama yako

*

Itigi, 14 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Safari hii sitaulizia magoti.

Barua yako ya mistari mitatu imenifika inanuka vitunguu. Nilidhani ni mkono wa wakala wa mabasi anayepokea barua zako kwa Laurian. Nikaigeuza, nikakuta imefungwa kwa uzi wa gunia. Nikampigia wakala pale stendi ya Singida nikamuuliza ameipokea kwa nani. Akasema dereva wa lori la vitunguu, alipewa barabarani na bibi mmoja mwenye fimbo, kitenge cha bluu, asiyesikia vizuri. Nikamwomba anitafutie Laurian. Laurian akaja kwenye simu, akanisalimu kwa heshima zote, akasema hajaingia Ghalani tangu tarehe nne Juni. Siku hiyo aliambiwa kumi na tano, akakuta watano. Akaapa harudi.

Kwa hiyo Julai hukwenda kliniki. Hukupewa dawa. Ulitembea kilomita tisa kwenda barabarani ili uongo wako upate usafiri, ukatembea tisa kurudi. Wewe, wa kisimani.

Sikuandikii kwa hasira. Ndiyo, nina hasira. Lakini zaidi nina hofu. Mama, umewahi kunichapa kwa sababu ya uongo wa kipande cha sukari guru.

Tulikubaliana. Jumanne tarehe sita Agosti nakuja na pikapu ya rafiki yangu Deo kukuchukua. Fungasha unavyovitaka. Kuku wape majirani.

Mwanao,
Nathan

*

Ghalani, 22 Julai 2024

Nathan mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini.

Ni kweli. Nilikudanganya. Niliogopa, hakuna sababu nyingine. Niliogopa kile chumba cha Selina chenye rangi. Si kwamba Selina ni mbaya, anajua nampenda. Lakini huko nitakuwa mgeni anayeulizwa chai iongezwe sukari au isiongezwe, mpaka nife. Hapa nikitoka nje nakanyaga ninapopajua hata macho yakifumba.

Dawa nimekuwa nikimeza siku moja, siku ya pili naacha, ili zifike mbali. Sasa umejua yote.

Na lingine lililobaki ni hili, nalo ndilo linalonikosesha raha. Mambo ya vigoda vitupu niliyaanzisha mimi. Kabla yangu kila mtu alipeleka cha kwake na kusafiri. Nilipopeleka cha baba yako Februari, hakuna aliyethubutu kuniambia kitu, mjane haambiwi. Machi, jirani akampelekea mwanawe. Wengine wakaona, kumbe ruhusa. Tumewakosesha wazee wenzetu gari kwa kuoneana haya. Kuna bibi huku ana sukari, mguu wake umevimba, hajaonwa na daktari tangu Juni, na mimi ndiye chanzo.

Juzi nikachukua fimbo nikaenda Mgori penyewe, barabarani, anakolaza gari Laurian. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza, akainama akaniambia kwa sauti kubwa sikioni, "Mama, kumi. Na nikifika kila kigoda kiwe kimekaliwa na mwenyewe. Nikikuta kimoja kitupu, msinitafute tena."

Toka siku hiyo sijatulia. Napita nyumba kwa nyumba. Naambiwa, "Mama Nathan, pumzika," nasema nitapumzika Agosti. Nimepata tisa pamoja na mimi, watu kweli, wazima wa kutembea mpaka ghalani. Wa kumi simpati. Mzee Ezekieli anaumwa miguu na presha kunizidi, lakini hataki. Kigoda chake kililiwa na mchwa, na anasema yeye hawezi kupanga jiwe kwenye mstari wa wazee wenzake kama mtoto anayecheza. Nimemwambia apeleke hata ndoo. Amenifukuza.

Sikuombi usije. Njoo. Ila usipakie kitu mpaka tuonane.

Mama yako

*

Nyumbani kwako Ghalani, 6 Agosti 2024, saa saba mchana

Mama,

Shikamoo, popote ulipo.

Barua yako ilinifika. Sikujibu kwa makusudi. Niliona ukijibiwa utaanza kunibembeleza kwa karatasi, na karatasi zako zina nguvu.

Nimefika na Deo saa nne. Pale darajani tulipishana na gari moja likaja kwa kasi, likatufunika vumbi mpaka Deo akasimamisha. Nililitukana lile gari, Mama, naomba radhi. Tukafika ghalani nikaona vigoda mstari mzima ukutani, havina watu. Nikasema, ndiyo haya haya, bado wanapanga mbao. Sikushuka hata kuvitazama.

Nyumba ilikuwa imefungwa, ufunguo nikaukuta chini ya chungu kilichovunjika, palepale. Nikajua umekwenda shambani kunikimbia. Nikasema vizuri, akirudi akute kazi imekwisha. Nikavuta sanduku uvunguni. Nimefungasha, Mama. Kitenge cha bluu sikukiona. Nimefungasha kanga, Biblia, picha ya harusi yenu, sufuria mbili. Nilifungasha haraka kama mwizi, na sikuwa na furaha, nataka ulijue hilo.

Nikiwa nafunga kamba akaingia Bibi Scholastika, mke wa Mzee Ezekieli. Akasimama, akaangalia sanduku, akaniangalia mimi. "Unahama wewe au unamhamisha nani?" Nikamuuliza uko wapi. Akacheka mpaka akashika mlango. "Wamekwenda kliniki. Wamejaa kwenye gari la Laurian kama wanafunzi. Hata mume wangu kaenda, kavaa koti."

Nikakaa kwenye sanduku. Lile gari lililonipiga vumbi ulikuwa ndani yake.

Nimekurudishia vyote. Sufuria zipo jikoni, picha nimeipangusa nikaitundika. Kanga sijui kuzikunja unavyokunja wewe, samahani. Nilitafuta kigoda cha Baba nikae nikuandikie, sikukiona, nimekaa kitandani.

Deo anataka gari lake leo. Tutapita Singida. Najua utalala Utemini kwa Mama mdogo, na najua ni dakika kumi tu kutoka barabarani. Sitakuja. Naona aibu kukuonyesha pikapu tupu. Nikikuona nitalia mbele ya Deo, naye hana siri.

Asali iko juu ya kabati. Meza dawa zote, kila siku.

Mwanao,
Nathan

*

Ghalani, 7 Agosti 2024

Mwanangu Nathan,

Marahaba. Nimerudi sasa hivi, hata sijavua viatu. Laurian amegeuza gari, anaisubiri barua hii aondoke nayo. Anapiga honi, na anajua siisikii, ni Paschal anayenionyesha kwa mikono.

Umepita Singida bila kumsalimu mama yako. Hilo nakuwekea, tutazungumza siku ukija. Baba yako alikuwa hivyohivyo, akishindwa neno anakwenda kupasua kuni.

Nimeona kanga. Umezikunja kama mashuka ya hospitali. Nimeziacha hivyohivyo.

Daktari amesema presha imepanda, amenigombeza, amenipa dawa. Nimemeza moja palepale mbele yake ili anyamaze. Bibi wa mguu wamembakiza hospitali wiki moja, wanasema bado kidogo angechelewa. Nathan, kidogo. Neno hilo limekuja nami njia nzima.

Umeulizia kigoda cha baba yako. Jumamosi nilikichukua nikakipaka mafuta, nikakaa nacho kidogo, nikampelekea Mzee Ezekieli. Nikamwambia, hiki hakiwezi kwenda kliniki bila mtu, na mimi nina matako mawili tu. Jumatatu nikamwona anakuja nacho ghalani mwenyewe, pole pole kwa ile miguu yake. Jumanne Laurian alipofika alitukuta tumekaa, hatukusimama mpaka alipomaliza kuhesabu. Ulipopita ukasema mbao, chake kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni. Sikikuti tena hapa ndani nikiamka. Inaniuma, lakini kinakaliwa.

Makubaliano yetu yapo. Likikatika tena nitakuambia siku hiyohiyo, na nitakuja Itigi kwa miguu yangu, sitakudanganya tena.

Lakini ujue tuko kumi kamili, hakuna wa kumi na moja. Mmoja akilala, wote tumelala. Humo humo garini nimeshaanza kuwaangalia nani anakohoa, na Septemba haijafika. Kwa hiyo mkisali huko, wewe na Selina, usiniombee mimi peke yangu. Tuombee wote kumi, na umwanze Ezekieli.

Mama yako