Gauni la Mtoto wa Horini

1 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mwanangu, mke wa mwanangu,

Pokea salamu zangu, na za Fundi anayeniandikia hapa dukani kwake, mguu mmoja bado uko kwenye cherehani. Hujambo? Unakula? Unalala? Mimi mzima isipokuwa goti, na goti hilo mnafahamiana siku nyingi. Fundi anasema barua huanza na dhumuni. Nimemwambia mimi sina dhumuni, nina maneno, yeye aandike.

Tangu nirudi kutoka msibani hujaniletea hata mstari. Mume wako akipita na lori lake nikimuuliza habari zako ananijibu, "Yupo, mama." Yupo! Hata kabati lipo. Nikamuuliza kama unakula, akasema hajui, yeye yuko njiani. Ndivyo alivyo, na marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo, ungemwambia nyumba inaungua angekujibu tutaiangalia kesho.

Basi leo kanisani tumeanza Majilio. Amesomwa Zakaria, yule kuhani mzee, yeye na Elisabeti wake hawana mtoto na uzee umeshawakuta. Malaika anamjia, anamwambia utapata mtoto. Mzee anabisha. Anafungwa mdomo palepale mpaka mtoto azaliwe! Mwanangu, nilicheka peke yangu kwenye benchi. Mimi nikifungwa mdomo miezi yote hiyo mtanizika kabla mtoto hajacheza tumboni. Fundi naye anacheka, anasema mtaa mzima ungepata usingizi. Andika hivyo hivyo Fundi, ajue ninaishi na watu gani.

Lakini nililolipata mimi ni hili, kwamba kwa Mungu hakuna aliyechelewa. Elisabeti mzee kama mimi akapata, wewe bado binti mbichi. Atakupa mwingine. Nilikuambia pale msibani, ukageukia ukuta, nikajua kelele za watu hazikukuruhusu kusikia, ndiyo maana narudia.

Somo yangu yuko pazuri. Mlimpa mtoto jina langu na mimi namwombea kama ninavyojiombea. Usimlilie sana, utamchelewesha safari.

Kula, hata uji.

Mama mkwe wako, kwa mkono wa Fundi


6 Desemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mimi sijambo kiasi. Mume wangu yuko safarini.

Pale msibani nilikusikia vizuri.

Nina ombi moja. Lile gauni jeupe la kumbatizia mtoto Krismasi, ulilosema Fundi ameliwekea maua shingoni, naomba unitumie kwa basi. Mtoto alizikwa na shuka la hospitali, mambo yote yalikwenda haraka. Nguo zake majirani walizigawa nikiwa nimelala, walisema nisizione. Sina hata soksi yake. Gauni hilo hakulivaa, najua. Lakini ni wewe uliyempima kwa uzi akiwa amelala kifuani kwangu, ukaufunga fundo kwenye urefu wake. Kilichobaki chenye kipimo chake ni hicho.

Mwanao


8 Desemba, Jumapili ya pili ya Majilio

Mwanangu,

Habari za tangu ile barua? Najua bado hujajibu, au umejibu na kondakta ameikalia. Mimi goti limetulia. Fundi ana mafua, akipiga chafya na herufi inaruka, mvumilie.

Leo sikusikiliza somo vizuri, nilikuwa na jambo langu. Unajua kila mwaka tuna igizo, na mwanasesere ndiye mtoto Yesu. Mwaka jana walimfunga na kitambaa cha jikoni, mistari ya bluu, kina doa la chai! Na Maandiko yanasema wazi Maria alimvika mwanawe nguo za kitoto akamlaza horini, pa kulala hawakupata lakini nguo alikuwa nazo. Mama gani anajifungua bila kuandaa nguo? Basi leo baada ya ibada nikamwendea mwenyekiti wa akina mama, yule tunayemwita Spika, nikampa lile gauni la somo yangu.

Spika akaligeuza geuza. "Mama, mtoto wa kiume na maua shingoni?"

Nikamwambia, "Wewe ulikuwepo?"

Akaanza kumvika. Likamtosha yule mwanasesere kama alipimiwa yeye. Mwanangu, nilisikia raha ambayo sikuisikia tangu msiba. Nikasema, badala ya kuliwa na nondo kabatini kwangu, badala ya wewe kulikuta siku moja ukaanza kulia upya, acha mtoto Yesu alivae. Somo yangu akiangalia kutoka huko aliko ataliona gauni lake mbele ya kanisa zima. Na wewe utapata amani.

Fundi amesimamisha kalamu ananiangalia. Anasema, "Umemuuliza mwenyewe?" Nimemwambia kazi yake ni kuandika.

Mama mkwe wako, kwa mkono wa Fundi mwenye mafua


12 Desemba

Mama,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Sasa utakuwa umesomewa yangu.

Tangu nilipoolewa kwenu, kila Krismasi hadithi mnaimaliza kwa Mamajusi. Wanatoa zawadi, wanarudi kwao kwa njia nyingine, watu wanakwenda kula. Mwambie Fundi ageuze ukurasa. Askari wa Herode wanaingia Bethlehemu. Yusufu aliota ndoto, akamchukua mtoto na mama yake wakatoroka. Baba wengine wa mtaa ule hawakuota kitu. Watoto wao nao walikuwa wamevaa nguo walizoshonewa na bibi zao. Nani aliwaambia mama zao watapewa wengine?

Sijakukasirikia, mama. Nguvu za kukasirika sina. Ila kwa sasa usiniandikie.

Mke wa mwanao


18 Desemba

Mwanangu,

Umenikataza kuandika na mimi huyu hapa. Ukiitupa, itupe, lakini sikujua njia nyingine ya kukufikia.

Fundi amenisomea barua zako zote mbili. Ile ya pili ameisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilimwambia anaongeza maneno yake. Nimetoka hapo moja kwa moja, na goti hili, mpaka kwa Spika. Nikamkuta anapanga viti. Nikamwambia nipe gauni, mwenyewe analitaka. Akanishika bega, "Pole mama, tutakupa baada ya sikukuu. Limeshapigwa pasi, watoto wameshafanya nalo mazoezi. Na kitu kikishatolewa madhabahuni hakirudi nyumbani katikati ya njia." Akaniombea na sala papo hapo! Nimesimama kama mti nikiombewa, na gauni liko kabatini nyuma yake nalijua.

Fundi alisema atashona jingine, maua yaleyale, kitambaa kilekile, hutajua. Nikamwambia nitajua mimi. Kwa uzi ule hakupimwa mtu mwingine.

Halafu nikamwambia ageuze ukurasa kama ulivyosema. Mwanangu, mimi sikusoma, nina masikio tu, na somo hilo linasomwa baada ya sikukuu, siku ambazo mimi niko kwenye masufuria ya wageni. Miaka yote hii sikulisikia. Fundi akasoma, sauti yake ikawa inapungua. Akafika pale kuna mama anaitwa Raheli anawalilia watoto wake, na hataki kufarijiwa, kwa sababu hawapo. Nikangoja. Nikamwambia, endelea, malaika anamjia saa ngapi? Akaangalia chini ya ukurasa, akasema, "Haji, mama. Inaanza habari ya Herode kufa, malaika anamwendea Yusufu huko Misri." Nikamwambia rudi nyuma, umeruka. Hakuruka.

Kwa hiyo hakuna aliyemwambia kitu Raheli. Hata Mungu. Wameandika kwamba hataki, wakamwacha hivyo hivyo hataki. Hakuna aliyemkemea. Ni mimi tu ningemwambia atapewa mwingine.

Mimi nimezaa sita na wote wananizidi urefu. Hilo lako silijui. Nilikuwa nakuelekeza njia ya mji ambao sijawahi kufika.

Hapa nimenyamaza, Fundi anauliza kama nimemaliza. Sijamaliza. Sina la kusema, ni vitu viwili tofauti.

Mama mkwe wako


25 Desemba, mchana

Mwanangu,

Shule sina lakini akili ninayo, nimeelewa kuwa hutajibu. Fundi amefungua duka sikukuu kwa ajili ya barua hii tu.

Jana ndiyo lilikuwa igizo. Nilikuwa nimejiambia nitakaa, nitasubiri, nitalichukua baada ya sikukuu kama mtu mstaarabu. Wakaingia na mwanasesere. Yule binti wa kwaya anayecheza Maria akamlaza horini, taa zikamwangukia, nikayaona yale maua. Watu wakasema "aaah." Mwanangu, lilimpendeza. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikainuka. Wachungaji wa igizo walikuwa wamepiga magoti na ndevu zao za pamba, nikapita katikati yao. Spika akanong'ona kwa sauti ya Spika, kanisa zima likasikia, "Mama, bado! Zamu ya akina mama bado!"

Nikainama, goti likalia, nikaanza vile vifungo. Vidole havishiki. Mchungaji wetu wa kweli alisimama, akafungua mdomo, akaketi tena. Spika akaja kunishika mkono. "Mama, unamvua Yesu mbele ya watu?"

Nikamwambia, "Huyu ana kanisa zima la kumvika. Yule hana."

Akaniachia. Yule Maria ndiye aliyenisaidia vifungo vya mwisho. Nikafungua kilemba changu nikamviringishia mtoto, asilale uchi, nikarudi kwenye benchi kichwa wazi na mvi zangu zote. Mchungaji mmoja mdogo akauliza, "Tuendelee?" Hakuna aliyecheka. Wakaendelea. Wakaja Mamajusi na vikopo vyao, dhahabu, ubani, na yule wa tatu manemane.

Nimewaza kuhusu huyo wa tatu. Manemane ni ya kupaka maiti. Mtu anatoka mbali kote huko kumletea mtoto mchanga kitu cha maziko. Na Maria hakumfukuza, alipokea. Sijui alikiweka wapi.

Gauni limo humu. Fundi alitaka kulifua, nimemkatalia, usije ukasema limebadilishwa. Halina baraka ndani yake wala ahadi. Nakutumia kama alivyoleta yule wa tatu. Liweke unapotaka.

Sikuombi unijibu.

Mama mkwe wako


19 Januari

Mama,

Shikamoo. Gauni lilifika kabla ya mwaka mpya. Nilikaa na kifurushi mezani, nikawa napika pembeni yake, nafua pembeni yake. Nimekifungua juzi.

Linanuka mishumaa. Nimelitandaza kitandani upande aliokuwa analala. Kifungo cha chini hamkukifunga, nami sijakifunga.

Mume wangu alirudi jana akalikuta. Aliketi sakafuni na viatu vyake, akaweka mkono juu yake, likaishia kwenye kiganja.  Nilimwona mabega yanavyopanda na kushuka.

Sijafarijika, mama. Sitaki ujidanganye kwa barua hii. Kuna siku nakula na kuna siku naona aibu kula. Majirani wameacha kuja kwa sababu sijibu wanayotaka nijibu.

Ukiweza, njoo. Ila usije na neno, hata zuri. Njoo ukae upande wa pili wa kitanda.

Mwanao


23 Januari

Mwanangu,

Nakuja na basi la Jumamosi.

Fundi anauliza kama ni hayo tu. Ni hayo tu.

Mama