Kitabu Kisicho na Ngamia

Ulaanbaatar, mwezi wa tano

Kwa kaka yangu mpendwa Choijamts,

Salamu nyingi zikufikie huko Korea, wewe pamoja na wifi Uyanga. Natumai mmeivuka baridi salama, na kwamba mgongo haukusumbui tena kiwandani. Sisi wazima. Mama mzima, na mwanao Tuguldur ndiyo usiseme, anakula kama mbwa mwitu. Utaona nimeziruka habari za mifugo, ambazo kwetu hutangulia hata habari za watu. Nivumilie, nitazifikia.

Kitabu mlichomtumia mtoto kilifika. Loo, kurasa ngumu kama mbao! Ameziuma pembe zote na hazikupasuka. Anafunua vile vilango vya karatasi, anamkuta bata wa manjano, anamkuta chura wa kijani, na kila mara anashtuka upya. Akimbonyeza ng'ombe, kitabu kinalia, naye anakijibu. Maandishi ya Kikorea hapa hakuna anayeyajua, kwa hiyo Mama ndiye mwalimu, na Mama unamjua. Siku ya kwanza alikipekua mwanzo mpaka mwisho, akauliza ni kitabu gani cha wanyama chenye tembo na nguruwe wa waridi lakini hakina ngamia. Waliokitengeneza, alisema, hawana wazee wa kuwauliza?

Nilipomwambia mtoto kuwa farasi ni wa kahawia, nilikiona cha moto kwa Mama. "Kahawia ni viatu! Farasi ana rangi zake. Usiniharibie mjukuu, wewe." Akakishika kidole cha mtoto, akakiweka juu ya kile kipande cha manyoya kilichobandikwa ubavuni mwa farasi, akamfundisha kusema Zeerd, rangi ya shaba. Ndivyo tunavyowaita farasi wetu, kwa rangi zao, na farasi wako ndiye Zeerd pekee ambaye Mama anamjua.

Basi mtoto akaupenda ukurasa huo kuliko yote. Aliusugua mpaka manyoya ya kiwandani yakanyofoka, ikabaki gundi tupu, akalia hadi sauti ikamkauka. Mama alifungua sanduku, akatoa mkasi na gundi, akabandika kipande kingine, cha manyoya ya kweli. Mtoto akakigusa akacheka.

Sasa, Kaka, kaa chini. Wakati wa baridi ulipopiga simu ukauliza kama mifugo imenona, Mama alikujibu imenona, iko salama. Usimwite mwongo. Salamu ile jibu lake ni hilo moja tu tangu enzi za mababu, na lilimtoka mdomoni kabla hajafikiri. Wewe ukafurahi, nami nikashindwa kukunyang'anya furaha yako. Lakini juzi ulisema unaacha kazi kabla ya mkataba kwisha, urudi mwezi wa saba umpande Zeerd kwenye sikukuu, kisha ukae na kundi lako. Ndiyo maana nakuandikia. Usiache kazi, Kaka.

Kundi hakuna. Theluji iliyeyuka kidogo, kisha ikaganda, majani yakafungiwa chini ya barafu ambayo kwato hazikuweza kuivunja. Kondoo walitangulia, ng'ombe wakafuata. Zeerd alikuwa wa mwisho. Mama alimvika koti lake mwenyewe, na bado haikusaidia. Hema letu sasa liko huku pembeni ya mji, katikati ya nyua na moshi wa makaa. Sijalia mpaka leo. Nimekufa ganzi. Nachemsha chai ya maziwa ya unga, naitia chumvi, nakunywa, siku inapita.

Kichwa cha Zeerd nilikipandisha mlimani, nikakiweka juu ya rundo la mawe kama anavyostahili farasi mwema. Ngozi yake Mama alikataa kuiuza, akaikunja akaifungia sandukuni. Kile kipande alichokibandika kitabuni ni chake.

Mama anakusalimu, ila hajui kuwa nimekuandikia haya. Msalimu wifi, mvae nguo nzito, mle vizuri. Na ukipiga simu, tafadhali, usimuulize Mama kama mifugo imenona, maana atakujibu imenona. Muulize mwanao Zeerd yuko wapi. Atakimbia kukileta kitabu, ataufungua ukurasa wenyewe, naye atakuonyesha.

Ni mimi mdogo wako,
Narmandakh