Kuku wa Morogoro katika Ofisi ya Waingereza

Jumapili, Bellevue. Jua limewaka tangu asubuhi, lakini ni jua la Julai, majira ya baridi huku kusini, la kutazama tu. Mikono bado baridi.

Leo nimeiweka ile diski.

Ni vichekesho vya Waingereza, watu wa ofisi moja ya posta wanaogombana kutwa. Mume wangu, Baba Thandi, alivipenda sana. Nilipomfuata huku kutoka Morogoro, alikoishi miaka yake ya ukimbizi, Kiingereza changu kilikuwa cha kuulizia bei. Basi tulikaa kwenye kochi, wao wanasema, yeye anacheka kwanza, halafu ananitafsiria kwa Kiswahili chake alichojifunza kwetu.

Tangu afariki mwaka jana sikuwa nimezigusa diski zile. Niliogopa kukaa mbele ya watu wanaochekesha, nisicheke. Lakini Thandi, binti yetu, anataka kuzigawa, kabati limejaa. Nikamwambia sawa, ila huu msimu wa mwisho niuone kwanza. Ndio ulionichekesha kuliko yote.

"Huo, Mama? Eish! Bosi wa zamani alishaondoka. Kila mtu anasema ulipoa, hauchekeshi."

Thandi hunielewa nikisema Kiswahili, ila hunijibu kwa Kiingereza.

Tukajifunika blanketi moja. Nikasubiri pale ninapopakumbuka, karani mwembamba anapomwinamia bosi mpya na kumwambia, "Mkubwa, hata kuku wa Morogoro jioni hulijua banda lake." Nilianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Karani akasema kikao kimesogezwa hadi Alhamisi.

Basi. Kikao, Alhamisi. Kiingereza changu cha sasa kinatosha kusikia hivyo.

Nikamwambia Thandi arudishe nyuma. Alhamisi tena. Nikamsimulia habari ya kuku. Akaziba mdomo kwa kiganja. "Mama, na hukujiuliza kuku wa Morogoro alifikaje Uingereza?"

Mimi nilidhani baba yake amebadilisha tu kuku wa Waingereza kwa wa kwetu, ili nielewe.

Tukaendelea. Yule mama anayeuza stempu hakuwahi kumwambia mwenzake kwamba anakula kama mgeni wa msibani. Alikuwa anaomba gundi. Hapo nikavunjika moyo. Kumbe nilichokitunza miaka yote hakimo humu. Nikauvuta mto aliokuwa akiegemea Baba Thandi.

Kisha nikaelewa. Msimu ulipoa kweli. Aliona umepoa, akaniona na mimi, mgeni wa mji huu, nimekaa namtazama usoni nikisubiri kucheka. Hakutaka nikose. Akawatungia maneno.

Nilikuwa nacheka na yeye, si na wao.

Nikamweleza Thandi hayo. Alichukua rimoti, akazima sauti. Kwenye televisheni bosi akainuka, akanyoosha kidole mlangoni, uso umemwiva.

"Sasa, Mama," akasema, kwa Kiswahili, na lafudhi yake ya hapa hapa, "huyu anasema nini?"

Nikafikiri kidogo.

"Anauliza nani kaingiza kuku ofisini."

Tumecheka mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi na mtoto wangu, na baba yake yumo.

Diski nyingine agawe. Hii inabaki. Kesho nina kazi: ofisi nzima inasubiri niwape la kusema.