Kulwa na Doto ndani ya kompyuta

Kalangalala, Jumatano, 1998

Maharage yameungua leo, na kosa ni la Doto. Ameingia kutoka ofisi ya mradi wa chanjo, hata shikamoo hajatoa: "Mama, programu yetu imefeli mtihani!" Nikajua kafukuzwa. Hata miezi mitatu ya kuangaliwa kazini hajaimaliza.

"Heri imefeli mikononi mwetu, mama. Kila tukibadilisha kitu, kompyuta yenyewe inaijaribu programu kabla diski haijapelekwa zahanati ya Rwamgasa."

Kumbe mwenzake, kijana mgeni kutoka Dar, aliiagiza hiyo programu, inayotunza majina ya watoto wa chanjo, ifute mtoto aliyeandikwa mara mbili: mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Mapacha hakuwawaza! Huku kwetu, penye Kulwa na Doto kila mji. Doto wote, wanaoandikwa wa pili, wangefutika, wasiitwe kwenye chanjo.

Nikamuuliza, mashine ilijuaje?

"Niliweka mapacha wa kubuni, wa kujaribia, tangu wiki ya kwanza; leo mmoja kafutika, ikakataa. Mama yao nimekuandika wewe."

Nimecheka. Halafu nikamkumbuka yule nesi aliyemchoma Kulwa wangu mara mbili, Doto akarudi bila sindano, surua ikaja ikamkuta. Siku zile nilidhani...

"Na hao wa kwenye kompyuta, wamechanjwa?"

"Wote wawili, mama. Mkubwa wangu kasema jaribio hilo lisiondolewe kamwe."

Kazi anayo, basi. Umeme ukikatika sijui inakuwaje, nitamuuliza kesho. Maharage tumekula hivyo hivyo, na harufu yake ya moshi.