Kifaa Kilichojua Mlango wa Risper

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, Kawangware, kuanzia saa mbili na robo asubuhi

Jina: Urbanus Makau Musembi
Umri: miaka 39
Kazi: utingo wa lori
Elimu: darasa la sita
Makao: Kongo, Kawangware. Nyumbani ni Mutomo, Kitui

Leo ni Jumanne, tarehe 12 Februari 2008. Tangu nitoke nyumbani ni mwaka mmoja, mwezi mmoja na siku tisa. Afande ameniambia nitenganishe niliyoyaona kwa macho na niliyoyasikia kwa watu. Nitatenganisha. Ameniuliza pia kama nina chuki na mshukiwa. Ninayo. Naomba iandikwe.

Mimi ni utingo wa Canter ya stoo moja ya jumla hapa Kawangware. Tunapeleka unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni kwa maduka madogo ya Kibera na Kawangware. Dereva wangu ni Kavoi, anayekaa Riruta. Kavoi ni mtu wa kwetu. Kutoka boma la mama yake hadi letu ni kuvuka kijito kimoja kilichokauka. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini, na mwezi wa kwanza wote nililala kwake. Nayasema haya ili isionekane nimeyaficha.

Mwezi wa sita mwaka jana mwenye stoo alileta kifaa cha kuonyesha njia kutoka Dubai. Ni kitu cha ukubwa wa kiganja, kinabanwa kwenye kioo cha mbele cha gari kwa mpira unaonyonya. Kinasikilizana na satelaiti, na kina sauti ya mwanamke anayesema Kiingereza. Sisi tulimpa jina Lavender. Kavoi akikata kona ambayo Lavender hakuitaka, mimi humwambia, "Umemkosea mama, atanuna mpaka tufike Adams."

"Anune," Kavoi husema. "Huyu ni bibi wa mdosi, si wangu."

Mdosi, yaani mwenye stoo, alitaka kupanga safari humo. Jioni anachagua majina ya wateja, anayapanga kutoka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho, na asubuhi sisi tunafuata. Shida ilikuwa moja. Kwenye kioo cha kifaa Ngong Road iko, Naivasha Road iko, lakini Kibera ni pahali patupu, rangi ya uji, na Kongo vilevile. Hakuna njia yenye jina wala nyumba yenye namba. Kwa hiyo alisema tuweke alama wenyewe. Alinipa mimi kazi hiyo, kwa maana Kavoi hubaki na gari barabarani na mimi ndiye ninayeingia vichochoroni na gunia mgongoni. Aliniambia, "Makau, weka alama pale gunia linapotua. Siku ukiugua, mwenzako afike bila kuuliza mtu."

Niliweka alama arobaini na moja. Kila mlango nilitua gunia, nikatoa kifaa mfukoni, nikabonyeza, nikaandika. Sikuwa na la kuandika ila jina la mwenye duka, kwa sababu huko ndivyo pahali hujulikana. Unasema kwa Muigai, kwa Kavetsa, kwa Risper. Afande anajua jina la mtu katika nchi hii linasema nini: kabila lake, na alimpigia nani kura. Hata mimi nilijua, lakini mwezi wa sita sikulifikiria.

Risper alikuwa na duka Kongo. Lilitazama njia ya vumbi, lakini magunia hayakupitia mbele, kwa sababu dirisha la kuuzia lilikuwa dogo na lina waya. Yalipitia nyuma, kwenye kichochoro cha kuinamisha kichwa, ukizunguka choo, hadi mlango wa bati wa chumba alicholala. Mimi mlango huo niliujua kwa mgongo. Alikuwa akinipa chai kabla sijarudi kwa gari. Akiniona husema, "Mkamba, leo umeleta unga ama umeleta stori?" Namwambia vyote viwili, na stori ni ya bure. Alama ya Risper niliiweka kwenye mlango huo wa nyuma.

Jumamosi tarehe 29 Desemba 2007, saa nane mchana, stoo ilifungwa kwa sababu ya wasiwasi wa kura, na hadi leo haijafunguliwa. Mwenye stoo alimwambia Kavoi akitoe kifaa kwenye gari, gari lisije likavunjwa kioo, na akae nacho. Nilimwona Kavoi akikitia kwenye mfuko wa koti. Hilo niliona mwenyewe.

Jumatatu tarehe 31 Desemba duka la Muigai, karibu na Makina huko Kibera, lilivunjwa na kuchomwa. Sikuwapo. Nilisikia.

Jumanne tarehe 29 Januari 2008, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa chumbani kwangu Kongo, nilisikia mabati yakipigwa na watu wakipiga mayowe. Nilitoka. Njiani kulikuwa na vijana wenye mapanga na sikupita. Nilirudi ndani nikafunga mlango. Hilo pia naomba liandikwe. Saa moja na nusu, polisi walipokuwa wamewatawanya, nilifika kwa Risper. Mbele, kufuli ilikuwa imefungwa na waya wa dirisha ulikuwa mzima. Yeye alikuwa nyuma, kwenye kizingiti, amekatwa begani na kichwani. Tuling'oa mlango wake tukambeba juu yake hadi Naivasha Road, mimi na Shivachi mwenye kioski cha jirani. Alikuwa akiongea. Aliniuliza kama nimefunga duka. Alifariki hospitalini tarehe 31 Januari, saa tisa alasiri.

Siku ile tulipomfikisha hospitalini, Shivachi aliniambia, "Hawa hawakubahatisha. Wameenda nyuma moja kwa moja. Huo mlango hata mimi nimeujua leo, na mimi ni jirani wa miaka mitatu. Nani aliwaonyesha?"



Jumapili tarehe 3 Februari, saa tano asubuhi, nilikwenda uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako waliofukuzwa Kibera wamewekewa mahema. Nilimkuta Muigai ameketi juu ya debe. Nilimuuliza siku yake ilikuwaje. Alisema, "Walikuwa kama ishirini. Wa mbele hakuwa na silaha. Alikuwa na kitu mkononi kama simu kubwa. Anakiangalia, anatembea kidogo, anakiangalia tena, halafu ananyoosha kidole. Maduka matatu kando yangu hawakuyagusa." Nilimuuliza kuhusu uso wake. Alisema mtu huyo alikuwa amejifunga kitambaa. "Lakini anachechemea mguu wa kushoto kama dereva wenu."

Kavoi anachechemea mguu wa kushoto. Aliangukiwa na gurudumu la lori Mtito Andei kabla sijamfuata Nairobi.

Alhamisi tarehe 7 Februari, saa nne asubuhi, nilikwenda kwake Riruta. Hakuwapo. Mkewe Nzilani alinikaribisha, akasema, "Karibu, shemeji. Umepotea kama mvua ya kwetu." Alikuwa akipima maharagwe kwa mizani. Mizani hiyo naijua. Sahani yake moja ilipotea, Risper akaweka mfuniko wa sufuria badala yake na kuufunga kwa waya mwekundu wa stima. Nilimuuliza Nzilani ameitoa wapi.

"Baba Mwende ameileta. Amesema kuna mtu anahama."

Baba Mwende ni Kavoi. Nzilani hakujua. Nimeishi nao, namjua Nzilani akidanganya, na siku hiyo hakudanganya.

Kifaa kilikuwa juu ya redio, kimechomekwa kwenye stima. Nzilani alipotoka kuteka maji ya chai nilikifungua. Nasoma polepole, lakini nasoma. Safari za mwenye stoo zina majina ya siku: Jumatatu Kibera, Jumatano Kongo. Chini yake kulikuwa na safari mbili ambazo sijawahi kuzifanya. Moja ni ya Kibera, milango minane, tarehe 31 Desemba. Majina yote manane ni ya upande mmoja. Nyingine ni ya Kongo, milango sita, tarehe 29 Januari. Hayo yote ni ya upande mwingine.

Watu watasema Kavoi alikuwa na siasa. Hana. Kibera alikwenda na hawa, Kawangware akaenda na wale, na kote alitoka amebeba sukari ya wizi. Alihitaji tu kujua ni milango ipi kila kundi litakubali kuivunja, na hilo nililiandika mimi, kwa kidole hiki.

Wanane wa Kibera wote wamevunjiwa. Kati ya sita wa Kongo, wanne walivamiwa kabla polisi hawajafika. Waliobaki ni wawili, Kavetsa na Shivachi. Wote wawili nimewaambia. Kavetsa amehamia kwa dada yake Kangemi. Shivachi amekataa. Alisema, "Nihame niende wapi? Huko nitakakokwenda si nako kuna watu wa kuuliza jina langu?" Anafungua kioski chake kila asubuhi. Kavoi akiwa nje bila kukamatwa, anajua mlango ulipo hata bila kifaa, maana safari ile aliianza na hakuimaliza.

Nilikichomoa kifaa nikakitia ndani ya shati. Kabla sijaondoka nilisimama kwenye kizingiti cha Kavoi, nikabonyeza alama, nikaandika KAVOI RIRUTA. Ni jina la arobaini na mbili. Nzilani alikuwa akiniita nisubiri chai.

Tangu siku hiyo Kavoi amenipigia simu mara nyingi. Sijashika.

Afande ameuliza kwa nini nimekaa siku tano bila kuripoti. Nitajibu. Nilitaka auawe. Jumapili tarehe 10 Februari, saa tisa alasiri, nilikwenda Kibera kwa ndugu wawili wa Risper. Majina yao sitayataja kwa sababu hawajafanya kosa lolote. Niliweka kifaa mezani nikawaonyesha pa kubonyeza. Mkubwa alisema, "Makau, wacha shule. Wewe tuonyeshe mlango tu."

Nilimwambia mle ndani kuna mwanamke asiye na hatia, ana mtoto anayenyonya, na kitanda chao kiko karibu na mlango.

"Hata cha Risper kilikuwa karibu na mlango," akasema.

Hakukosea. Nilikaa nao mpaka chai ikapoa, kisha nikachukua kifaa nikatoka. Mdogo alinifuata akiniita mwoga mbele ya watu mpaka tukafika kwenye reli. Nilimwacha aseme. Sikumhurumia Kavoi, na hata sasa simhurumii. Lakini zile alama arobaini na moja niliziweka bila kufikiria nani atazifuata. Hii moja niliiweka nikijua. Sikuweza kuiacha kwenye meza ile.

Jana, tarehe 11, saa moja jioni, mjomba wangu alinipigia kutoka Mutomo. Kavoi alikuwa ameshampigia. Mjomba alisema, "Makau, mtoto wa kwetu hapelekwi kwa polisi kwa ajili ya watu wa Nairobi. Rudini wote wawili. Tutachinja mbuzi, mle sahani moja, yaishe." Kwetu ukishakula mbuzi huyo na mtu huwezi tena kumshtaki popote, na Kavoi analijua hilo. Nilimuuliza mjomba, "Na Risper atakula sahani gani?" Alisema nimeharibiwa na mji.

Sitaki mbuzi. Sitaki Kavoi aniombe radhi, kwa sababu akiniomba kwa lugha ya kwetu huenda nikalainika. Nataka akae jela hadi asahau barabara za Nairobi zinakwenda wapi. Nataka wenzake mle ndani wamuulize alifanya nini na aseme kwa mdomo wake. Kama kuandika yale majina ni kosa, nishtakini na mimi. Ila mniweke seli moja naye.

Kavoi huamka saa tatu na hutoka saa tano. Leo yuko nyumbani. Bonyezeni jina la mwisho kwenye orodha, kitawafikisha kizingitini. Mlango ni mmoja, nyuma ni ukuta. Nzilani akifungua, mwambieni akae kando na mtoto. Na mizani msiiache.

Nimesomewa yote niliyosema na hakuna lililoongezwa. Nimerekebisha saa aliyofariki Risper, kwa maana kwanza ilikuwa imeandikwa saa kumi. Nyumbani nitarudi kesi ikiisha, si kabla. Hakimu akiwa na haraka, nitawahi mvua za mwezi wa kumi na moja. Asipokuwa na haraka, mke wangu Katunge atapanda peke yake, na nimeshamwambia hivyo.

(Sahihi) U. M. Musembi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Boaz Khamala, nikamsomea shahidi, naye akakubali na kutia sahihi mbele yangu saa nne kasoro robo. Nimepokea kutoka kwake kifaa kimoja cheusi cha kuonyesha njia. Kimewashwa mbele yake, na safari mbili alizozitaja zimeonekana na kunakiliwa. Askari wawili wametumwa Kongo kwenye kioski cha Shivachi. Sisi tunaondoka sasa hivi kuelekea Riruta. Shahidi ameomba kuketi mbele, karibu na dereva, ili mshukiwa amwone yeye kwanza. Nimemruhusu kuja. Atakaa nyuma.