Posho ya Benedicte

Jumanne, 2 Septemba

Darasa la Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, juu ya stoo ya mabeseni. Wanafunzi wangu ni wachuuzi, wanataka Kiswahili cha kuuzia Wakongo. Nafuna, mmoja wao, akauliza kwa nini Wakenya wakisema posho wanataka pesa ya semina, na hapa posho ni ugali. Nikajifanya profesa! Zamani za misafara, nikasema, mpagazi alipewa posho: chakula cha njiani, au kitambaa cha kubadilishia chakula. Baadaye vibarua walipimiwa unga wa mahindi. Hapa jina likabaki kwenye sufuria.

"Ssebo, mwalimu, walibeba mizigo kwa ajili ya chakula tu?"

Hapana, nikamjibu. Posho ilikuwa ya tumbo. Mshahara ulikuwa mbali na posho.

Nikarudi nyumbani Nateete nimevimba kichwa. Benedicte alikuwa ameshasonga posho. Sikuweza kumtazama usoni.

Binti wa mjomba wangu, mjane, alikuja kutoka Bukavu mwaka juzi. Anapika, anafua, anauza vitenge vyangu sokoni. Anakula, analala. Mshahara hatujawahi kuutaja. Ni ndugu — ndivyo nilivyozoea kusema. Hata bwana wa msafara alinizidi utu. Naona aibu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kandambili za Benedicte zimefungwa kwa waya. Mimi nina viatu vipya vya ngozi, faida ya vitenge. Nimeona leo tu. Uongo — nilikuwa naona siku zote.

Jumamosi, 6 Septemba

Baada ya chai nikampa bahasha. Mshahara wako, dada.

Hakuifungua. Akakaa chini.

"Kaka Zéphyrin, nimekosa nini? Niondoke siku gani?"

Mjinga mimi! Kwetu ndugu anayekaa kwako hapewi pesa mkononi, ila siku ya kumwondoa. Unampa nauli, anaelewa, anafunga mzigo. Baba alimwondoa shangazi hivyo hivyo, nikiangalia.

Nikamwambia hajakosa kitu, hapa ni kwake.

"Basi beba pesa yako. Mi siko boyi wa kulipwa."

Ilibidi nieleze. Kwa Nafuna nilieleza mpaka mshahara wa wapagazi; hapa nikanyoosha mkono tu. Nikaichukua bahasha. Na kinachonichoma — nilifurahi. Nilikuwa nimeiweka humo pesa ya kodi ya nyumba.

Iko mfukoni ninapoandika. Benedicte ametulia, yuko uani anasonga, anaimba kidogo. Zile kandambili zinaburuzika sakafuni. Sasa ananiita nikale —